Kabla hujakopa kununua deni la ploti

Ukiwa na akiba kidogo katika SACCO, watu wa kukuletea mashauri ya kuikuza hawakosi. Mmoja atakuambia ununue pikipiki ya bodaboda. Mwingine atakushauri ufuge kuku wa mayai. Wa tatu atakupeleka Lurambi, karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, akuonyeshe mahali pa kujenga vyumba vya kupangisha wanafunzi. Lakini lipo shauri jingine ambalo huja kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mkutano wa chama au matanga ya jamaa. Mtu anakuvuta kando na kukuambia: "Usinunue ploti. Nunua deni lililo juu ya ploti."

Wiki hii, msomaji, tutazame shauri hilo kwa makini. Si haramu wala si ulaghai. Huko Marekani watu huuziana hati za madeni ya nyumba kama vile sisi tunavyouziana ng'ombe, na wapo wanaoishi kwa kazi hiyo. Hapa kwetu Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu rehani ihamishwe kutoka kwa mdai mmoja hadi kwa mwingine. Swali letu ni hili: je, mtu mwenye mshahara, mwenye karo ya watoto na asiye na pesa taslimu, yafaa akope ili anunue deni la mtu mwingine?

Biashara yenyewe ilivyo

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana ploti pembeni mwa mji wa Kakamega. Ameiuza kwa mwalimu kwa Sh900,000. Mwalimu ametoa Sh300,000 mkononi. Zile Sh600,000 zilizobaki wameelewana azilipe kwa miezi 36, bila riba, yaani Sh16,667 kila mwezi.

Kabla hata malipo ya kwanza hayajafika, mzee anapatwa na dharura. Mgonjwa amelazwa na hospitali inadai pesa zake. Hawezi kungoja miaka mitatu. Anakujia na kukuambia: "Nipe Sh450,000 leo, na zile Sh600,000 za mwalimu ziwe zako."

Huko ndiko kununua deni. Unatoa pesa kidogo sasa ili upokee nyingi baadaye, polepole. Ukitazama juu juu utaona faida ya Sh150,000 imelala mezani ikingoja mtu wa kuiokota.

Lakini wewe huna Sh450,000. Unakwenda kwa SACCO yako. Vyama vingi vya akiba na mikopo humpa mwanachama mkopo wa hadi mara 3 ya akiba yake, mradi apate wadhamini. Tuseme unapewa Sh450,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kila mwezi ya salio, ulipe kwa miezi 36. Kila mwezi utakatwa Sh14,946 kwenye mshahara.

Sasa piga hesabu. Kutoka kwa mwalimu zinaingia Sh16,667. Kwenda SACCO zinatoka Sh14,946. Kinachobaki mkononi mwako ni Sh1,721 kwa mwezi. Ukizidisha kwa miezi 36 unapata karibu Sh62,000. Ile faida ya Sh150,000 imekwisha kumegwa, kwa kuwa SACCO imechukua riba ya Sh88,000 hivi. Na bado hujamlipa wakili, hujalipa ada za usajili, wala hujapanda matatu hata mara moja kwenda afisi ya ardhi.

Hata hivyo, Sh62,000 si pesa za kudharau, hasa ukiwa umezipata kwa pesa ambazo hazikuwa zako. Ndiyo sababu watu huvutiwa. Shida haiko katika hesabu hii. Shida iko katika neno moja tuliloliacha nje ya hesabu, nalo ni muda.

Mwalimu akikosa kulipa

Tuseme mambo yalifanywa sawasawa. Ploti ilihamishwa hadi kwa jina la mwalimu, rehani ikasajiliwa juu yake, na rehani hiyo ikahamishiwa kwako. Kisha siku moja mwalimu anaacha kulipa. Pengine ameugua, au amesimamishwa kazi, au mikopo mingine imemlemea. Unajiambia: "Si kitu. Nina ploti. Nitaiuza nirudishe pesa zangu."

Taratibu, msomaji. Sheria ya Ardhi haikuruhusu kuamka asubuhi na kumwita dalali. Kwanza ni lazima mdaiwa awe amekosa kulipa kwa mwezi mmoja mzima. Baada ya hapo unampa notisi ya maandishi inayomweleza kosa lake na kumpa muda usiopungua miezi 3 wa kulirekebisha. Miezi hiyo ikipita bila malipo, unampa notisi nyingine ya siku zisizopungua 40 kwamba unakusudia kuuza. Siku hizo zikiisha, dalali naye ana kanuni zake. Sharti ampe mwenye ploti siku 45 za kuikomboa kabla ya mnada.

Jumlisha: mwezi 1, kisha miezi 3, kisha siku 40, kisha siku 45. Ni karibu miezi 7. Na huo ni muda wa mambo yakienda vizuri kabisa, bila mdaiwa kwenda mahakamani kuomba mnada usimamishwe. Akienda, hesabu nyingine inaanza.

Katika miezi hiyo 7, SACCO haitakungoja. Itaendelea kukata Sh14,946 kila mwezi. Mara 7, hiyo ni karibu Sh105,000 kutoka kwenye mshahara wako, ilhali faida yote uliyotarajia kwa miaka mitatu ilikuwa Sh62,000.

Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Deni lako kwa SACCO lina tarehe, na tarehe hiyo haibadiliki. Deni ulilonunua lina matumaini. Anayekopa ili anunue deni amesimama katikati ya tarehe na matumaini, na mshahara wake ndio daraja. Mwenye pesa zake mwenyewe anaweza kungoja miezi 7 akiwa na hasira tu. Aliyekopa hana nafasi hiyo. Yeye hungoja huku akipunguza unga, akichelewesha karo na kuwakwepa wadhamini wake katika chumba cha walimu.

Wadhamini hao nao tusiwasahau. Ukishindwa kulipa, SACCO itageukia akiba zao. Hivyo mwalimu mmoja asipolipa, wanaoumia ni watu ambao hawakuwahi hata kuiona ile ploti.

Mnada nao si dawa kamili. Sheria inamtaka anayeuza ploti ya mdaiwa atafute bei bora inayoweza kupatikana kwa haki, na kabla ya kuuza ni lazima ploti ithaminiwe. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mdaiwa anaweza kwenda mahakamani, na ni wewe utakayetakiwa kujieleza. Ploti ya Sh900,000 ikiuzwa kwa robo tatu ya thamani yake ni Sh675,000. Ondoa ada za dalali, mthamini na wakili, kisha ujiulize ni kiasi gani kitakachobaki.

Halafu, katika Kakamega na Magharibi kwa jumla, kuna jambo ambalo halimo katika vitabu vya fedha. Sisi huzika wafu wetu nyumbani. Shamba lenye makaburi ya baba na nyanya ya mtu si rahisi kulipatia mnunuzi, hata dalali apige kengele mchana kutwa. Majirani hawatalinunua kwa kuwaonea haya wenyewe, na wageni huogopa kukaa mahali wasipotakiwa. Kwa hivyo ploti tupu ya mjini na boma la ukoo si dhamana sawa, hata kama mthamini ameyaandikia thamani moja.

Unanunua karatasi gani?

Tumesema "tuseme mambo yalifanywa sawasawa". Mara nyingi hayafanywi. Mara nyingi kinachouzwa ni makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mzee wa mtaa, pamoja na hati ya kumiliki ardhi ambayo muuzaji anakukabidhi "uiweke".

Hati kuwa kabatini mwako si sawa na kuwa na rehani. Sheria ya mwaka 2012 inatambua kwamba mtu anaweza kuweka hati yake kwa mdai kuwa dhamana. Lakini inasema waziwazi kwamba mdai wa namna hiyo hawezi kuichukua ardhi wala kuiuza bila amri ya mahakama. Kuna hatari nyingine tena. Mwenye hati anaweza kuapa kwamba imepotea. Tangazo litatolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 60 zitapita, na asipotokea wa kupinga, atapewa hati mpya. Ile iliyo kabatini kwako itakuwa karatasi ya kumbukumbu. Ni wangapi kati yetu wanaosoma Gazeti Rasmi kila Ijumaa?

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kwenda kwenye afisi ya usajili wa ardhi na kufanya upekuzi rasmi. Sajili ya ardhi ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe: namba yake, eneo lake na ukubwa wake. Sehemu B inaonyesha mwenyewe ni nani. Sehemu C ndiyo yenye siri: humo huandikwa rehani, vizuizi na mizigo mingine iliyo juu ya ardhi hiyo. Mtu asiyetaka kukuonyesha Sehemu C anakuambia kitu bila kufungua mdomo.

Katika Sehemu B, tazama jina. Mashamba mengi ya Butsotso, Isukha, Idakho na Kabras bado yameandikwa kwa jina la babu aliyefariki zamani. Mjukuu analima kipande chake, amejenga, na kila mtu kijijini anajua mpaka wake ulipo. Lakini mbele ya sheria kipande hicho bado ni mali ya marehemu hadi mirathi ifunguliwe mahakamani na kukamilishwa. Mjukuu hawezi kuiweka rehani mali ambayo haijawa yake. Ukinunua deni la namna hiyo, umenunua ahadi ya mjukuu tu, na ardhi haimo kabisa.

Katika Sehemu C, ukiwa upande wa Lugari au Likuyani, usishangae kuona jina la hazina ya serikali ya makazi mapya. Hayo ni maeneo ya mashamba ya walowezi yaliyogawiwa Waafrika wakati wa uhuru kwa mkopo. Mwenye shamba ambaye yeye, au baba yake, hakumaliza kulipa mkopo huo bado ana mdai mbele yako. Deni lako litasimama nyuma katika foleni.

Jambo la pili ni kibali. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inasema kwamba kuuza, kukodisha au kuweka rehani ardhi ya kilimo bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi ni batili. Ombi la kibali sharti lipelekwe katika muda wa miezi 6 tangu makubaliano yafanywe. Ukikosa kibali unaweza kudai urudishiwe pesa ulizotoa, lakini huwezi kuishika ardhi. Ploti zilizo ndani ya manispaa huwa na utaratibu tofauti. Kwa kuwa mji wa Kakamega umepanuka na kumeza mashamba, usikisie ploti yako iko upande gani. Muulize wakili aitazame.

Jambo la tatu ni mke au mume. Ikiwa ploti ni nyumba ya ndoa, rehani haina nguvu mpaka mwenzi wa mwenye ploti awe ametia sahihi pia. Mke aliyeachwa nyuma siku ya kutia sahihi ndiye atakayetokea mahakamani siku ya mnada, na atakuwa na haki.

Jambo la nne ni mdaiwa mwenyewe. Ni lazima aarifiwe kwa maandishi kwamba tangu tarehe fulani malipo yaje kwako. Asipoarifiwa, akaendelea kumlipa mzee, utakuwa vigumu sana kumdai mara ya pili. Wala huna ruhusa ya kumbadilishia masharti. Kama aliahidiwa miezi 36 bila riba, hiyo ndiyo bidhaa uliyonunua. Baadhi ya watu waliokuwa wakidaiwa na Chase Bank, iliyofungwa mwaka 2016, walijikuta wakidaiwa na benki ya SBM baada ya mwaka 2018. Mdai alibadilika, deni likabaki deni. Hata kwako ni vivyo hivyo.

Wakubwa hufanyaje?

Biashara hii ikifanywa na wakubwa huwa na kinga ambazo sisi wadogo hatuzifikirii. Kampuni ya Kenya Mortgage Refinance, iliyoanzishwa mwaka 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, kazi yake inakaribiana na hii tunayoizungumzia. Hukopa pesa nyingi, zikiwemo za Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, kisha huzipa benki na SACCO zilizokwisha kuwakopesha watu nyumba, ili nazo ziweze kukopesha wengine. Mwaka 2022 iliuza hatifungani za Sh1.4 bilioni katika soko la hisa la Nairobi.

Tazama inavyojikinga. Haimfuati mwenye nyumba mmoja mmoja. Rehani za wateja huwekwa kuwa dhamana, lakini benki au SACCO iliyopokea pesa ndiyo inayobaki na jukumu la kulipa. Mwenye nyumba asipolipa, benki hulipa. Tena pesa inazokopa ni za miaka mingi, kwa kuwa rehani nazo ni za miaka mingi. Haikopi pesa za miaka mitatu kwa kutegemea mwalimu mmoja wa Lurambi.

Wakubwa wakisahau kinga hizo, huanguka vibaya. Marekani, kabla ya mwaka 2008, madeni ya nyumba yalifungwa pamoja kama mafungu ya sukuma wiki na kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Walionunua walitazama karatasi, hawakumtazama mdaiwa kama ana uwezo wa kulipa. Wengi wao walikuwa wamenunua kwa pesa za kukopa. Wadaiwa walipoanza kukosa, waliokopa hawakuweza kungoja. Septemba 2008 Lehman Brothers, benki iliyokuwa imedumu tangu karne ya 19, ikafilisika. Ugonjwa ulikuwa uleule tulioueleza hapo juu, ila wa mabilioni.

Ukiamua kununua

Sikukatazi, msomaji. Wapo wanaoweza kuifanya biashara hii wakafaidika, na mzee akatoka hospitalini bila fedheha. Lakini fuata masharti haya.

Kwanza, pima bei kwa siku mbaya. Kanuni yangu ni rahisi: faida yote unayotarajia isipungue malipo ya miezi 7 ya mkopo wako. Kwa Sh450,000, deni la mwalimu halikutimiza sharti hili, kwani faida ni Sh62,000 na miezi 7 ni Sh105,000. Lakini mzee akikubali Sh360,000, mambo hubadilika. Mkopo wa kiasi hicho kwa masharti yaleyale ni Sh11,957 kwa mwezi. Faida ya miaka mitatu inakuwa karibu Sh169,500, na miezi 7 ya ukame inakugharimu karibu Sh84,000. Hapo unaweza kujikwaa bila kuanguka. Faida ya deni hupatikana siku ya kununua. Siku ya kudai ni siku ya kuilinda tu.

Lakini tumia haki. Usimkamue mzee kwa kuwa ana mgonjwa. Kama bei inayokufaa wewe inamwumiza yeye, basi biashara hii si yenu. Mwache aende kwa mwingine.

Pili, weka kando malipo ya miezi 7 kabla ya kutia sahihi. Usiseme utayatafuta shida ikija. Kama huna akiba hiyo, huna uwezo wa kununua deni, hata SACCO ikikupa mkopo siku hiyohiyo.

Tatu, mwige mkubwa: mtake muuzaji abaki na jukumu. Iandikwe kwamba mwalimu akikosa kulipa kwa miezi kadhaa, mzee atakurudishia kiasi fulani au atakupa dhamana nyingine. Akikataa katakata, muulize kwa upole anachokijua kuhusu mwalimu ambacho wewe hukijui.

Nne, sajili. Makubaliano ya ardhi yawe ya maandishi, yenye sahihi na mashahidi. Rehani iandikwe katika Sehemu C kwa jina lako. Ushuru wa stempu wa kusajili rehani ni asilimia 0.1 ya deni, yaani Sh600 kwa deni la Sh600,000. Anayekuambia tuepuke gharama hiyo anakuepusha na kinga yako. Mambo yakichelewa, weka kizuizi kwenye sajili ili ardhi isihamishwe wewe ukiwa umelala.

Tano, fikiria kifo. Ukifa wewe, huenda SACCO ina bima inayofuta mkopo wako. Uliza. Akifa mwalimu, deni lake linaingia katika mirathi, na mirathi katika familia zetu unaijua. Mtake awe na bima ya maisha ya kiasi cha deni hilo.

Sita, usiweke nyumba yako rehani ili ununue rehani ya nyumba ya mwingine. Mtu mmoja akikosa kazi, familia mbili zitalala nje.

Saba, mwambie mwenzi wako. Mkopo wa siri una tabia ya kujulikana siku ya kufungua shule. Na ikiwa chama chenu kinataka kuifanya hii kuwa kazi ya kila siku ya kukopesha watu, ulizeni kwanza kuhusu leseni ya Benki Kuu.

Mnunuzi bora ni nani?

Nimalize kwa jambo ambalo wauzaji wa madeni hawapendi lisemwe. Yule mzee anataka Sh450,000 leo. Yule mwalimu anadaiwa Sh600,000. Katika dunia hii hakuna mtu anayefaa kulinunua deni hilo kuliko mwalimu mwenyewe. Na aende kwa SACCO yake akope zile Sh450,000, amlipe mzee, waandikiane kwamba deni limekwisha, na ploti ihamishwe kwa jina lake. Atalipa Sh14,946 kwa mwezi badala ya Sh16,667, na ile Sh62,000 itabaki nyumbani kwake. Hakuna notisi, hakuna dalali, hakuna jirani wa kumwonea haya kanisani.

Kwa hivyo utakapoletewa deni, uliza kwanza: "Je, mdaiwa mwenyewe ameambiwa?" Kama hakuambiwa, waketishe pamoja, uwapatanishe. Hutapata faida ya pesa, lakini utapata heshima ya watu wawili, na huo pia ni mtaji katika mji mdogo. Kama ameambiwa lakini SACCO yake imekataa kumkopesha, uliza ni kwa nini. Huenda ana mikopo mingine. Huenda mshahara wake umekwisha kukatwa hadi mwisho. SACCO inayomjua, inayoshika payslip yake na kumwona kila mwezi, imekataa kumwamini kwa Sh450,000. Wewe unayemwona Jumapili tu unataka kumwamini kwa Sh600,000?

Vijana mnaosoma ukurasa huu mkiwa chuoni, na ninyi wazazi wa mjini mnaotafuta njia ya kukuza akiba, hesabu ya jambo hili si ngumu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Kinachowashinda watu ni kuihesabu siku mbaya wakati siku ni nzuri, mzee anasubiri, karatasi ziko tayari na kalamu imeshikwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Anayekopa ili anunue deni amealikwa harusi mbili kwa siku moja. Na ahesabu mapema kama atayamudu matanga mawili.

Hadi Jumapili ijayo, kila la heri.